Msitu Uliohama

Ofisini walimwita Bi Rangi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Alikaa mbele ya kompyuta mbili kwenye chumba cha ghorofa ya pili, pazia limefungwa kutwa ili jua lisimulike skrini, akilinganisha picha za pwani zilizopigwa na setilaiti, za mwaka huu na za miaka ya nyuma. Mikoko iliyokuwapo na bado ipo aliipaka kijani. Iliyokatwa au kufa, nyekundu. Iliyoota mahali ambapo haikuwapo, manjano. Akimaliza alimpelekea ramani mkuu wa kitengo, naye mkuu, kwa kuwa miaka yote nyekundu ilishinda manjano, alikuwa na tabia ya kuipokea, kuilaza kifudifudi mezani na kumaliza chai yake kwanza.

Picha yenyewe haikuwa kitu cha kuokota tu. Setilaiti ilipita juu ya pwani mara kwa mara, lakini mara nyingi ilikuta mawingu. Hata pasipo na wingu huenda maji yalikuwa yamejaa, na mkoko uliozama kiunoni hauonekani sawa na uliosimama kwenye tope. Kwa hiyo Bi Rangi alichagua za kiangazi, anga safi, maji yamekupwa. Programu ilikisia palipo na mikoko, naye alipita nyuma yake kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Kila kijidoa cha picha kilifunika eneo kama la darasa moja la shule. Mtu hakuonekana kabisa. Nyumba ndogo ilikuwa kijidoa kimoja kilichofifia, na hapo ni kama imeezekwa bati.

Mwaka ule manjano ilizidi nyekundu.

Alipoona jumla alidhani amekosea, akarudia. Akabadilisha picha ya mwezi mmoja, akarudia tena. Jumla iligoma kubadilika. Alimpigia simu mkuu, na mkuu akaja mwenyewe badala ya kumwita, kikombe mkononi.

"Rudia," alisema.

"Nimesharudia."

"Rudia mbele yangu."

Alirudia mbele yake. Mkuu aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa skrini, kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyepata kitu alichokwisha kukata tamaa nacho.

"Miaka yote hii nasimama mbele ya wageni mkutanoni kama mleta habari za msiba," alisema. "Wakiniona tu wanakunja sura. Sasa nitafutie sehemu moja, ile kubwa kuliko zote. Tuwapeleke wageni wakaone kwa macho."

Bi Rangi alitafuta. Doa kubwa kuliko yote lilikuwa nyuma ya hori moja la bahari lililojipinda kama kiwiko, karibu na barabara ya vumbi na paa refu la shule. Alilikuza mara moja, akalikuza mara ya pili, halafu mkono wake ukatulia juu ya kipanya. Hori lile aliliogelea utotoni. Shule ile aliisoma. Na manjano ile ilikuwa imelala juu ya shamba la shangazi yake.

Hilo hakumwambia mkuu. Alisema tu kwamba doa kubwa namna ile halitangazwi kabla ya kwenda kulihakiki, kwani huenda ni magugu.

"Nenda," mkuu alisema. "Ila urudi na habari njema."

Shangazi huyo alikuwa dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Hakuwahi kuolewa mara ya pili, hakuwahi kuhama, na hakuwahi kukubali kuja mjini hata kutembea, akisema mjini watu wanapika wamefunga milango. Walizungumza kwa simu kila Jumapili. Habari zilikuwa nzuri kila Jumapili. Bi Rangi alikuwa hajafika kule tangu mazishi ya baba yake, na kila mwaka alisema mwaka huu.

Gari la ofisi lilimfikisha asubuhi. Bwana misitu wa eneo lile alimpokea njiani, mwanamume mrefu aliyezoea kutafuna njiti ya kiberiti anapofikiri. Alipoambiwa wanakokwenda aliitafuna ile njiti kwa muda.

"Pale kuna bibi mmoja," alisema.

"Namjua. Ni shangazi yangu."

Bwana misitu aliitoa ile njiti mdomoni. "Basi utanisaidia," alisema, lakini hakueleza.

Walimkuta kibarazani anapepeta. Alimtazama mpwa wake, akamtazama bwana misitu, akarudi kwenye ungo wake.

"We mtoto. Hujaja miaka, na siku unakuja unakuja na serikali?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda." Akamgeukia mwanamume. "Na wewe, leo umekuja kunikamata au kunisalimia?"

"Kukusalimia tu, mama. Shikamoo."

"Basi kaa. Siku ukija kunikamata utasimama."

Walikunywa maji. Bi Rangi aliona maji yametoka kwenye dumu, si kwenye mtungi uliokaa kona ile siku zote. Shangazi aliona anavyoangalia. "Kisima kimeingia chumvi," alisema, kana kwamba anasema mbuzi ameingia bustanini. "Nachota shuleni."

Shamba lilianza nyuma ya nyumba. Bi Rangi alikumbuka ardhi iliyoteremka polepole, matuta yamepangika, na mwisho kabisa mstari wa mawe ambapo babu yake aliweka mpaka wake na bahari. Mstari wa mawe ulikuwapo bado, ila ulikuwa katikati ya msitu. Upande wa huku wa mawe, tope lilikuwa limefunika matuta, na juu ya tope ilisimama michu, mikoko ile yenye majani ya rangi ya fedha kwa chini, mingine ikimfikia kifuani. Mizizi yake ya kupumulia ilichomoza kila mahali kama penseli zilizochomekwa ardhini. Aliyatambua matuta kwa mawimbi tu, pale ambapo mizizi ilipanda na kushuka.

Si magugu. Programu haikukosea hata kidogo.

Alitoa kamba ya kupimia na kamera akaanza kazi, maana ndiyo aliyotumwa. Alipima urefu wa miti, akapiga picha za majani, akasoma kwenye jipiesi mahali aliposimama na kuandika. Bwana misitu alimshikia ncha ya kamba. Karibu na nyumba michu ilikwisha ghafla, kama iliyokatwa kwa rula, na palikuwa na kiwanja cheusi kisicho na kitu. Pembeni mwa kiwanja ililala chungu ya miche iliyong'olewa, ya chini imekauka, ya juu bado mibichi.

"Hii nani ameing'oa?" aliuliza Bi Rangi, ingawa alishajua.

"Mimi," shangazi alijibu nyuma yao. Alikuwa amekuja pekupeku, khanga ameikaza kiunoni. "Kila asubuhi maji yakitoka. Usiku vinaota, asubuhi nang'oa. Vina kiburi kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila Jumapili unaniuliza hujambo, nasema sijambo. Unaniuliza umekula, nasema nimekula. Hukuniuliza habari za shamba."

Bi Rangi aliinamisha uso kwenye karatasi zake. Aliandika tena urefu wa mti aliokwisha kuuandika.

Shangazi aliporudi jikoni, bwana misitu alianza kuzungumza kwa sauti ya chini.

"Kung'oa mkoko ni kosa, unajua wewe kuliko mimi. Nimemwonya mpaka nimechoka. Nikimpeleka mbele nitaonekana kichaa, nimemshtaki bibi kwa kupalilia shamba lake. Ila mpaka leo kwenye ramani yenu pale pameandikwa shamba, ndiyo maana nimeweza kugeuza uso. Ukipaandika msitu, sina pa kugeukia."

"Na nikipaacha shamba?"

"Nitaendelea kugeuza uso. Naye ataendelea kung'oa." Akaitazama chungu ya miche. "Mpaka ashindwe."

Bi Rangi aliomba apelekwe upande wa pili, ukingo wa msitu unaotazama bahari. Walifuata njia ya wakata kuni ya zamani, tope likinyonya buti. Mikoko mikubwa iliwafunika kwa muda, kijani na kimya, halafu mwanga ukafunguka mapema kuliko alivyotarajia. Mbele yao ilisimama miti iliyokufa, mingi, bila jani, magome yamebanduka, maji yakipita katikati ya mashina ingawa bahari ilikuwa imekupwa. Kwenye ramani yake hapa palikuwa pekundu, wekundu mwembamba mrefu uliofuata pwani kama pindo la nguo. Alikuwa amedhani ni wakata miti. Hapakuwa na kisiki hata kimoja.

Alisimama pale akalinganisha kichwani kama alivyofanya kwenye skrini. Nyekundu mbele, manjano nyuma. Msitu haukuwa umeongezeka. Ulikuwa umeinuka na kusogea, kama mtu anayesogeza kiti jua linapomfikia, na kule uliposogea palikuwa na watu.

Alasiri, bwana misitu alipokwenda kuzungumza na dereva, Bi Rangi alifungua kompyuta yake ndogo kibarazani. Shangazi alivuta kigoda akakaa karibu, akanusa mashine ile kwanza kama chakula kinachoweza kuwa kimeharibika.

"Hii ni hapa petu, toka juu," alisema Bi Rangi. "Hili hori. Ile shule."

"Mimi niko wapi?"

Alimwonyesha kijidoa. Shangazi aliangua kicheko mpaka akajishika ubavu. "Nimehangaika na nyumba hii tangu kijana, kumbe ni tone la uji! Basi na wale majirani wanaojidai na gorofa lao, wako wapi?"

"Hawa hapa. Vijidoa vinne."

"Vinne tu!" Alifurahi sana.

Kisha Bi Rangi alimpitishia picha za miaka, moja baada ya nyingine. Ukingo wa msitu ulisogea kutoka kwenye mstari wa mawe, ukaja, ukaja. Shangazi aliacha kucheka. Aliomba airudishe nyuma, aanze tena. Mara ya pili alifuata kwa kidole, karibu aguse skrini.

"Na mwaka ujao?"

"Sijui, shangazi. Picha haisemi ya mbele."

"Unajua."

Bi Rangi alifuta vumbi kwenye skrini.

"Unajua, ila unanionea haya." Shangazi alitazama vidole vyake, vyenye tope jeusi kwenye kucha lisilotoka hata kwa sabuni. "Kumbe mimi nilikuwa napigana na bahari kwa hivi." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba njia aliyoshika siyo, na sasa anafikiria pa kugeukia. Baadaye kidogo aliinuka kwenda kufunika sufuria.

Walipoaga, bwana misitu alimwambia shangazi kwamba huenda karatasi zikaja. Shangazi alimjibu kwamba hasomi bila miwani, na miwani ameikalia, imevunjika.

Mjini, Bi Rangi alikaa na ramani siku kadhaa. Kulikuwa na njia rahisi mbili. Angeweza kusema michu bado midogo, haijatosha kuitwa msitu, paachwe shamba. Hakuna ambaye angekwenda kuhakiki nyuma yake. Au angeweza kuacha manjano ilivyo, na mkuu apate siku yake. Zote mbili zilikuwa za uongo, ingawa kila moja ilikuwa na ukweli wake ndani. Alichofanya ni kuongeza rangi ya nne. Mikoko yote iliyoota juu ya ardhi iliyokuwa ikilimwa au kukaliwa aliipaka zambarau. Ilimbidi arudi nyuma akague pwani nzima, kipande kwa kipande, na alipomaliza manjano ilikuwa imebaki kidogo sana, vipande vya hapa na pale kwenye midomo ya mito.

Mkuu aliilaza ramani kifudifudi, kwa mazoea, halafu akaifunua haraka maana safari hii aliisubiri.

"Hii nini?"

"Mashamba yaliyoingiwa."

"Mikoko si mikoko? Imeota au haijaota?"

"Imeota."

"Basi ni ongezeko. Ongezeko ni ongezeko, Bi Rangi."

"Mkuu, msitu haujaongezeka. Umehama. Mbele unakufa, nyuma unaingia kwa watu. Tukiwapeleka wageni kuuona, watapita kwenye uwanja wa nyumba ya mtu."

"Ya nani?"

"Ya shangazi yangu."

Mkuu alivua miwani akaiweka mezani. Alikuwa mtu mzima, mwenye uchovu wa watu waliosubiri kitu muda mrefu, na bila miwani alionekana mzee zaidi. "Ungeniambia kabla hujaenda," alisema.

"Ungemtuma mtu mwingine."

"Ndiyo, ningemtuma." Alifikiri. "Na angerudi na kusema nini?"

"Kwamba ni mikoko. Na ni kweli."

Nje mtu alikuwa anagonga misumari, pengine anaweka kibao. Mwishowe mkuu alisema zambarau itabaki, lakini ikae ukurasa wake, nyuma, na mbele itasomwa jumla tu. Bi Rangi alisema jumla bila zambarau haitakuwa ramani yake, na jina lake liondolewe. Hakupandisha sauti. Mkuu alimwambia ana ukaidi wa punda, akaikunja ramani, akaenda nayo nyumbani. Siku ya pili zambarau iliwekwa mbele.

Mkutanoni mkuu alisoma jumla zote mbili, yenye zambarau na isiyo nayo, kwa sauti moja, bila kupamba, na wageni wakakunja sura kama miaka mingine. Mama mmoja wa idara ya barabara aliinua mkono akauliza ile zambarau maana yake nini, kwa kuwa sehemu moja imegusa barabara yake. Mkuu alimwonyesha Bi Rangi kwa kalamu.

Alisimama. Alieleza kwamba maji yanapanda, mikoko ya mbele inazama, mbegu zinaelea kufuata maji na kushika mizizi pale ardhi ilipokuwa kavu. Alieleza kwamba mahali hapo panalimwa na watu, na baadhi yao wanaing'oa kwa mikono kila asubuhi, nao kisheria wana makosa. Hakusema anamjua hata mmoja. Yule mama aliuliza wanaing'oa kwa nini wakati inarudi. "Kwa sababu ni mashamba yao," alisema, akakaa.

Uamuzi uliotoka baadaye haukumfurahisha mtu sana. Ardhi ya zambarau iliandikwa msitu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Waliong'oa kabla ya tarehe ya ramani hawatashtakiwa. Kuhusu mahali pa watu hao kwenda hakikuandikwa kitu, isipokuwa kwamba jambo hilo litaangaliwa. Bwana misitu alimpigia Bi Rangi kumwambia amemsomea shangazi karatasi yote, na shangazi amemwambia asome tena ile sehemu ya kuangaliwa, kisha akamuuliza macho ya kuangalia wanayo.

Jumapili iliyofuata Bi Rangi aliuliza habari za shamba.

"Nimeacha kung'oa," alisema shangazi. "Vimefika kwenye choo." Kisha akaendelea: "Kile kiwanja cha marehemu kaka yangu, kule juu njia ya shule. Ulituma watu wamwage matofali pale."

"Ndiyo."

"Bado yapo?"

"Yapo."

"Yana kazi?"

Yalikuwa na kazi. Yeye na mume wake walikuwa wameyakusanya kidogokidogo kwa ajili ya nyumba ya uzeeni, na mchoro wake ulibandikwa kwenye mlango wa kabati. "Hayana," alisema. Alipokata simu alimweleza mume wake. Mume aliendelea kupiga pasi shati lake mpaka kwenye kola, akasema nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vingi mno, nani angevifagia.

Nyumba ya shangazi ilijengwa ndogo. Bati zilishushwa kwenye nyumba ya zamani zikapandishwa juu, zilizotoboka zikawekwa upande wa jiko. Bi Rangi aliomba likizo akasimama na mafundi. Shangazi hakutaka kuangalia nyumba inavyobomolewa, alikaa kule juu kwenye kigoda chake katikati ya kiwanja na vyombo vimemzunguka, anaamuru. Alimgombeza fundi kuhusu dirisha. Fundi alitaka litazame chini, upepo utoke baharini. Shangazi alisema bahari imeshamtosha, litazame barabarani aone wanaopita.

"Mama, utapata joto."

"Nitajipepea."

Fundi alimgeukia Bi Rangi amwamulie. Naye alisema, weka anakotaka.

Jioni ya siku ya kuhamia jirani alikuja kusalimu, mwanamke mwenye watoto wengi, na ndani ya muda mfupi shangazi alikuwa ameshajua nani ni mtoto wa nani, na maji mazuri yanachotwa bomba lipi. Bi Rangi alifunga mizigo yake. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, chake au cha shangazi, na hakikuja. Kilichokuja ni uzito fulani wa mikono, kama mtu aliyebeba vitu kutwa, na kweli alikuwa amebeba.

"Usikae miaka tena," shangazi alimwambia mlangoni.

"Nitakuja mwezi ujao."

"Usiseme mwezi ujao. Sema siku."

Akaitaja siku. Shangazi aliirudia kwa jirani, ili awepo shahidi, akaingia ndani kuwasha moto.